Pazia la Msanifu Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkurugenzi katangaza mbele ya wote kwamba kampuni itakuwa na msanifu mkuu wa programu. Mmoja tu. Chumba chake kiko tayari: kile cha kona, chenye dirisha, chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mlango! Mimi ninayekaa kando ya mashine ya fotokopi, inanipumulia joto shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Nakitaka chumba kile kwa moyo wangu wote na sioni haya kuandika hivyo.

Cheo atapewa atakayesanifu vizuri zaidi kiolesura cha mteja wetu mpya. Kiolesura ni ile kaunta ambapo programu ya simu inaomba kazi na seva inaitikia. Na mteja mpya ni nani? Shangazi yangu! Dada wa baba, tumbo moja. Dobi mwenye matawi mji mzima, mwenye mashine za kufulia, za kukaushia, na moja mpya ya kutia nguo wanga, ambayo anaipenda kuliko watoto wote wa ndugu zake.

Tuko wawili tu kwenye kinyang'anyiro: mimi na Nomino. Jina lake halisi nalijua ila humu silitumii. Nomino nimembandika mimi, kwa sababu kwake hakuna kazi, kuna vitu tu. Ni mtu wa mtindo wa usanifu uitwao REST. Shati ni kitu, mteja ni kitu, oda ni kitu, kila kimoja kina anwani yake kwenye mtandao, na ruhusa ni vitendo vichache tu: kuleta, kuweka kipya, kubadili, kufuta. Umalize hapo. Ukimwambia unataka kupiga pasi, anakuuliza shati lenyewe liko kwenye anwani gani na hali yake unataka iweje. Mpaka mjibizane, shati limekunjamana zaidi.

Mimi ni mtu wa mtindo mwingine, RPC. Mtu wa amri! Unaita kazi kwa jina lake, seva inaondoka mbio kuifanya: fuaShati, pigaPasi, ongezaWanga. Mfumo wetu wa watumishi niliuandika mimi kwa mtindo huo, na hadi leo kadi za mlangoni zinausoma. Mama Utumishi anabonyeza pandishaCheo, mtu anapanda ngazi moja, tangu mwombaji kazi hadi mwisho wa safari. Hakuna falsafa.

Nimemwambia mke wangu aanze kutafuta kitambaa cha pazia. Akauliza kama chumba nimeshapewa. Nikamjibu kwamba hilo ni suala la siku chache. Akaniangalia, akachukua futi ya ushonaji, akauliza dirisha lina upana gani.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: kumpaka Shangazi mafuta. Nimemfuata dukani asubuhi. Mvuke kila mahali, huoni mtu hadi umgonge. Nikamkuta katikati ya wafanyakazi wake akitoa sauti: wewe fua, wewe kamua, wewe piga pasi, na wewe acha kuchezea simu!

Machozi nusura yanitoke. RPC hai, imevaa aproni!

Nikamkalisha, nikamweleza kwamba kuna binti ofisini kwetu anataka kumnyang'anya amri zake. Kwamba badala ya kusema fua, itabidi aeleze shati liko hali gani na angependa liwe hali gani. Shangazi akashtuka, akauliza kama huyo binti amewahi kufua. Nikasema sidhani. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Hapo akaniharibia. Akasema yeye atamchagua atakayefanya kazi safi, hata kama mwingine yeye ndiye aliyembeba mgongoni na kumfuta makamasi utotoni. Akasema hivyo huku akinikonyeza jicho. Nimelitafakari jicho lile siku nzima. Ama alinikonyeza, ama mvuke ulimwingia. Naamini alinikonyeza.

Jumatano, 5 Machi

USHINDI! Naandika kwa herufi kubwa ili nikisoma uzeeni nisikie kelele zake.

Leo tumeonyesha kazi ya mwanzo mbele ya Mkurugenzi. Kazi ilikuwa ndogo: onyesha kwenye simu oda yote ya hakimu, mteja wa siku nyingi wa Shangazi, mtu wa mashati meupe. Nomino akaanza. Simu yake ikaenda kumleta mteja. Ikarudi. Ikaenda kuleta oda. Ikarudi. Ikaenda kuleta shati la kwanza, ikarudi, ikaenda kuleta la pili. Kila kitu na anwani yake, kila anwani na safari yake! Mtandao wetu ni mzito, na duara likawa linazunguka tu kwenye skrini. Mimi nikawa nasindikiza kila safari kwa sauti: inaenda, inarudi, inaenda. Mkurugenzi akaniambia ninyamaze, lakini aliniambia huku akicheka.

Zamu yangu. Amri moja: letaKilaKituChaHakimu. Paa! Mteja, oda, mashati, vifungo vilivyokatika, yote kwa mpigo mmoja. Mkurugenzi akainua nyusi. Nyusi nzuri, za mtu anayefikiria kumpa mtu chumba.

Nomino hakununa. Alikubali kwamba safari zake ni nyingi mno na akasema atazipunguza. Kisha akauliza swali la kichokozi. Itakuwaje seva ikishafanya kazi, lakini jibu likapotea njiani? Nikamweleza kwa upole kwamba hilo nimelifikiria zamani. Simu isipopata jibu inarudia amri. Isipopata tena, inarudia tena, hadi ijibiwe. Mfumo wa watumishi nao una kipengele hicho hicho, na nimekipa jina: uvumilivu.

Akauliza: hata amri ya kuongeza wanga? Nikasema hasa hiyo. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Haya, kaka." Wivu huo. Nimekula chakula cha mchana mara mbili kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo ilikuwa siku ya majaribio dukani, kwa nguo za kweli. Shangazi alichagua mashati ya hakimu, maana hakimu anapenda kola ngumu kidogo. Kidogo! Nikabonyeza ongezaWanga. Amri ikafika, mashine ikamimina wanga, ikatuma jibu. Lakini kule nyuma ya duka, kati ya mabomba na kuta nene, mtandao ni wa kubahatisha. Jibu likapotelea njiani. Simu yangu, kwa uvumilivu, ikarudia amri. Mashine, kwa utiifu, ikamimina tena. Jibu likapotea tena. Hao wawili wakaendelea hivyo, mmoja mvumilivu na mwenziwe mtiifu, na mimi nimesimama pembeni namsimulia Shangazi uzuri wa RPC.

Tulipofungua mashine, shati la juu lilitoka limekunjua mikono. Shangazi akaliweka sakafuni. Likasimama. Peke yake! Akalizunguka polepole, akaligonga kwa kidole, likalia. Mfanyakazi mmoja aliyeingia na kapu la nguo akalisalimia.

Kabla hatujalificha, hakimu akaingia, mbio, anachelewa mahakamani. Hakuna shati jingine lililokuwa tayari. Akaenda kulivaa nyuma, na tulisikia mlio wa mbao zinazovunjwa. Akatoka kidevu kikiangalia dari. Akasema asante bila kumwona mtu, akatafuta mlango kwa mikono.

Habari zilizofika jioni: hakimu hakuweza kuinamisha kichwa kusoma hukumu. Karani alisimama juu ya kiti, akamshikia karatasi hewani. Mshtakiwa akadhani hakimu anaomba dua, naye akafumba macho. Mwisho wa hukumu akaitikia amina, na ukumbi mzima ukamfuata.

Nomino akaitwa na Shangazi aeleze, mimi sikuulizwa kitu. Akasema kwake hakuna amri ya kuongeza. Simu inaiambia seva hali ya shati: wanga uwe kijiko kimoja. Iseme mara moja, iseme hadi sauti ikauke, kitabaki kijiko kimoja, kwa sababu huagizi kazi ifanyike tena, unataja mwisho wake tu. Shangazi akatikisa kichwa polepole, kile kichwa cha kukubali ambacho mimi sijawahi kukipata tangu nimezaliwa.

Mimi kosa silioni. Kosa ni la mtandao. Kosa ni la kuta.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefufuka! Mkakati wa pili, na huu una akili hata mimi umenitisha.

Wanapenda REST? Nitawapa REST. Asubuhi nzima nimebadili majina. Palipokuwa na ongezaWanga sasa pana anwani ya heshima: mashati, kisha namba ya shati, kisha wanga. Vitu vitupu. Hakuna kitenzi hata kimoja kinachochungulia. Ndani, bila shaka, amri ni zile zile, na uvumilivu ni ule ule. Nimezivalisha suti tu.

Nimemwambia Mkurugenzi kwamba nimeokoka, sasa ni mtu wa REST. Akanipa mkono, akasema kubadili mawazo ni ukomavu. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Nimeanza hata kutumia maneno ya Nomino. Mhudumu wa chai aliponiuliza kama nataka sukari, nikamjibu kwamba hali ya kikombe iwe vijiko viwili. Akaondoka na kikombe chenyewe.

Nomino akaomba kuona kazi yangu. Nikamwambia kesho. Akasema sawa, ila kubadili majina peke yake hakusaidii. Sijui nani kampa siri. Nilihisi masikio yananichemka, nikajifanya ni joto la fotokopi.

Nyumbani kitambaa kimeshanunuliwa. Cha bluu, chenye maua meupe. Mke wangu kashona upindo wote na sasa anauliza kama pazia ni la kuning'inia kwa pete au kwa kamba. Nikasema pete. Msanifu mkuu hawezi kufungua dirisha kwa kamba.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya uamuzi. Chumba cha mikutano. Shangazi kavaa gauni lake la maana. Hakimu kaja mwenyewe, ana plasta chini ya kidevu. Mkurugenzi kavaa tai mpya ya hariri. Shangazi alileta mashine yake ndogo ya wanga, ya mezani.

Nomino akatangulia. Safari zake zimeisha! Kaitengeneza anwani moja ya oda ambayo ukiileta inakuja na mashati yake yote ndani. Haraka kama yangu. Nikaanza kutokwa jasho. Kisha akaonyesha jinsi mashine za nyuma ya duka zinavyowasiliana zenyewe kwa zenyewe, na nikaona nini? Amri! Kamua. Kausha. Simama. Vitenzi vitupu! Nikasimama, nikanyoosha kidole, nikapaza sauti kwamba ni mwizi.

Akanijibu bila kupandisha sauti. Akasema hajawahi kusema amri ni mbaya. Ndani ya nyumba watu wanaojuana wanaweza kuamrishana, ni haraka na ni rahisi. Lakini mlangoni, kwa wageni na simu zao za kila aina, afadhali kila kitu kiwe na anwani na vitendo viwe vichache vinavyojulikana na wote. Na hata hizo amri za ndani, kila moja ina namba yake, hivyo mashine ikiletewa amri ambayo imeshaifanya, inaitambua na kuiacha. Shangazi akapiga makofi. Shangazi yangu mimi!

Zamu yangu ikafika. Nikaonyesha anwani zangu zilizovaa suti. Mkurugenzi akafurahi. Nikaona dirisha, nikaona maua meupe yakipepea. Hapo hakimu akakohoa. Akasema ana ombi dogo: kijana abonyeze, na mara tu mashine ikianza, mtu achomoe waya wa mtandao kidogo, kisha aurudishe. Nguo ya majaribio ikakosekana. Mkurugenzi, kwa imani yote aliyonayo kwangu, akavua tai yake.

Nikabonyeza. Waya ukachomolewa. Mashine ikaunguruma. Waya ukarudi, na amri zote ambazo simu ilikuwa imezirudia zikaingia kwa foleni. Mashine ikaunguruma tena. Na tena. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo. Ikaunguruma tena.

Mkurugenzi alijifunga tai yake kwa shida, na ilipokaa shingoni haikulala kifuani. Ilisimama mbele yake, imenyooka, kama kibao cha njia. Alipogeuka kulia, nayo ikageuka kulia. Alipoacha kugeuka, ilikuwa inamwelekea Nomino. Wote wakacheka pamoja, na hakimu akashika plasta yake kwa maumivu.

Shangazi akanivuta pembeni. Akasema, "Mwanangu, nakupenda. Lakini hizi ni nguo za watu." Nikamuuliza kuhusu lile jicho la Jumanne. Akasema ulikuwa mvuke.

Alhamisi, 13 Machi

Nomino ni msanifu mkuu. Mama Utumishi kabonyeza pandishaCheo mbele ya wafanyakazi wote. Kwa mfumo wangu! Wamepiga vigelegele.

Inaniuma. Sitaki kujificha humu. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, kisha nikaenda kusimama kando ya fotokopi nikajifanya natoa nakala, na karatasi niliyoweka ilikuwa tupu.

Mchana Nomino akaja mezani kwangu. Akasema anataka mimi ndiye nishike zile amri za ndani za mashine, maana hakuna anayezijua amri kuliko mimi. Akasema tutaketi pamoja, atanionyesha habari ya namba. Kwa upole wote, kwa heshima zote. Nautambua mtego nikiuona. Nikamwambia nitafikiria.

Na mke wangu! Kampelekea Nomino pazia. Anasema lilishonwa kwa kipimo cha dirisha lile, nyumbani dirisha ni dogo, na binti wa watu hawezi kupigwa na jua. Wameshauriana kuhusu pete. Nimepita koridoni nikaona maua meupe yanapepea. Limekaa vizuri sana.

Nilikuwa nimeshakata tamaa kabisa, nimesimama na nakala zangu tupu, wazo liliponijia. Cheo ni nini? Ni neno kwenye mfumo wa watumishi. Nani kauandika? Mimi ni msanifu. Juu ya msanifu ni msanifu mkuu. Ngazi moja! Kubonyeza mara moja! Kampuni itaamka na wasanifu wakuu wawili, Mkurugenzi atasema mfumo haudanganyi, na chumba kina nafasi ya meza mbili. Pazia ni la familia yangu tayari.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi, nje ya mlango wa ofisi. Nitaeleza.

Saa ya chakula. Mama Utumishi kaenda kula, kompyuta kaiacha wazi. Nikaketi, nikatafuta jina langu, nikabonyeza pandishaCheo. Duara likaanza kuzunguka. Wakati wa chakula ofisi nzima inatazama video, mtandao unatambaa. Hakuna jibu. Nikabonyeza tena, kuhakikisha tu. Hakuna jibu. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Na mfumo nao, kama nilivyoufundisha kwa mkono wangu, ukawa unavumilia chini kwa chini.

Hatimaye skrini ikaniletea pongezi. Nikasoma. Nikafuta miwani, nikasoma tena.

Juu ya msanifu mkuu kuna meneja. Juu ya meneja kuna mkurugenzi. Juu ya mkurugenzi kuna mwenyekiti wa bodi. Na juu ya mwenyekiti, kwa kuwa siku ile nilikuwa na haraka na nikapanga safari yote ya mtumishi kwenye ngazi moja, kuna mstaafu.

Nimestaafu!

Mfumo ukatuma barua kwa kila mtu papo hapo, kunishukuru kwa utumishi wa miaka mingi. Nilitoka nje kupata hewa, mlango ukajifunga, na kadi yangu haikunitambua tena. Kupitia kioo nikawaona wamekusanyika, wanatia sahihi kadi ya kuniaga. Mkurugenzi akatoka kunikumbatia, macho mekundu, akasema hakujua kama umri wangu umefika, naonekana kijana. Mtu huyu kwa muda mfupi nilikuwa bosi wake! Hakujua. Wala mimi sikujua. Ningejua, ningefurahi zaidi.

Shangazi kapiga simu. Anauliza kama nina shati la kuvaa kwenye sherehe.

Nomino kaniletea begi langu na kikombe. Aliijua habari yote kwa kuitazama skrini tu, lakini hakunicheka na hakumwambia mtu. Akasema ni jambo dogo: atauambia mfumo cheo changu kiwe msanifu. Atasema mara moja, hata jibu likipotea na akarudia, kitabaki hicho hicho. Kisha nipande naye tukazitazame zile amri za ndani, chai ipo. Akanishikia mlango.

Nikakataa! Nina hadhi yangu. Sitaokolewa na mtu wa REST, na pazia langu liko nyuma yake.

Isitoshe, dawa ninayo. Nimeiandika hapa hapa kwenye simu, imenichukua muda wa kunywa soda. Amri mpya: shushaCheo. Unabonyeza, mtu anashuka ngazi moja. Kutoka mstaafu hadi msanifu mkuu ni kubonyeza mara chache tu, kisha naacha. Hapa nje mtandao ni dhaifu kidogo, kwa hiyo nimeiongezea uvumilivu, safari hii mwingi zaidi. Chini kabisa ya ngazi, nakumbuka, niliweka mwombaji kazi, lakini huko siwezi kufika.

Nimebonyeza. Duara linazunguka. Kimya.

Nabonyeza tena.